Sahani ya Jirani Hairudi Tupu

Juma hili tunaacha kidogo bei za soko, tuzungumze juu ya sahani.

Wengi wetu tunaikumbuka safari ya mto kutoka Kindu hadi Ubundu. Pale maporomoko yanafunga njia ya maji, ndiyo maana ilijengwa reli ya kilomita 125 hadi Kisangani, ikafunguliwa mwaka 1906. Safari moja tulikuwa wamama watano katika boti ya mbao, tumekaa juu ya magunia ya mchele. Kila mmoja alikuwa na kikapu chake: chikwange, samaki wa moshi, karanga za kukaanga.

Mama zetu walitufundisha kwamba chakula cha njiani ni kile kisichoogopa siku. Muhogo wa chikwange unalowekwa siku tatu au nne mpaka ulainike na uchungu utoke, ndipo unapondwa, unafungwa katika majani na kupikwa. Usipofungua majani yake, unakaa siku kadhaa. Sombe tuliiacha nyumbani, maana kwa joto la mtoni inachacha upesi.

Kabla ya kufika Lowa, mashine ya boti ikafa. Tulilala ukingoni siku mbili. Vikapu vikaisha, kwa kuwa watoto wa boti nzima walikula humo. Jioni ya pili mama mmoja wa kijiji, tusiyemjua, akatuletea bakuli kubwa la lituma na samaki wa pilipili. Hakuuliza sisi ni kabila gani wala tuna pesa ngapi.

Asubuhi tukaanza kuwaza juu ya lile bakuli. Sote tulilelewa na neno moja: chombo cha mtu hakirudi kitupu. Tukamwomba mwenye magunia atuuzie vikopo viwili vya mchele. Mchele nao ni msafiri: uliingia Maniema katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara wa pwani waliokaa Nyangwe na Kasongo, ambao walituachia pia machungu ya utumwa.

Mdogo wetu mmoja, mwenye mtoto mgongoni, hakuwa na pesa ya kuchangia. Akafungua kitambaa chake, akatoa chumvi kidogo, akaifunga katika jani. Aliona haya. Lakini yule mama alipofunua bakuli, alishika chumvi kwanza, akacheka kwa furaha. Nyumbani kwake walikuwa wamekula mboga bila chumvi siku nyingi.

Tumekumbuka hayo kwa sababu ya jambo lililotokea kati yetu. Mwenzetu mmoja, ambaye ametukubalia tuandike bila jina, aliletewa sahani ya sombe akaikataa mlangoni. Alisema ameshiba. Kumbe watoto wake hawakuwa wamekula tangu asubuhi. Tulipomwuliza, alijibu: "Ningeirudisha na nini?"

Maneno hayo yalituchoma. Desturi ya kutulisha sisi kwa sisi imegeuka deni, na mwenye njaa anaikimbia. Na sisi tumechangia, maana tumezoea kuchungulia sahani inaporudi na kusema.

Katika mkutano wetu tumekubaliana hivi. Pilipili tatu zinatosha. Kijiko cha chumvi kinatosha, hata ukuni mmoja. Kama hakuna kitu kabisa, sahani ioshwe vizuri na mtoto atumwe kusema asante. Hiyo haikurudi tupu. Anayeipokea asiifunue mbele za watu.

Na wewe unayepeleka, ukijua jirani yako hana kitu, mfungie chakula katika jani la ndizi. Jani halirudishwi.

Mwenye kisa cha safari au cha sahani atuletee siku ya likelemba, tukiweke hapa juma lijalo.