Daftari la Wiki: Mikono Nyuma ya Pedali

Jumatatu alfajiri, njia ya Kibiti kwenda Nyamisati ilikuwa ya wenye baiskeli. Matenga ya nazi kushoto na kulia, gunia la mkaa limekazwa kwenye keria kwa mpira, ndoo za samaki wa delta. Penye mchanga wanashuka na kusukuma, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshikilia mzigo. Hawa kwangu ni waendesha baiskeli wa kulipwa, maana wanakula kwa miguu yao. Wanachokosa ni mtu wa kuwachua jioni.

*

Mchua misuli tunamjua kwa timu za soka kama Simba na Yanga. Kwenye mbio za baiskeli kazi yake ni ndefu zaidi. Asubuhi anajaza chupa na kufunga vipande vya wali ulioshindiliwa. Mchana yuko kando ya barabara, amenyoosha mkoba wa chakula ili mchezaji aunyakue bila kusimama. Mwisho wa mbio anapokea watu kwa taulo na kinywaji. Kisha kuna nguo za kufua. Ndipo kitanda kinakunjuliwa, na miguu ya mmoja baada ya mwingine inapita mikononi mwake. Na hayo hurudiwa kila hatua: Tour de France ina hatua 21 ndani ya wiki 3.

*

Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Wanaume walipangiwa kilomita 267.5 za vilima. Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda. Waliofika mwisho ni 30 tu. Wengi waliojitoa nao walihitaji mikono jioni ile, na hilo hakuna aliyelitangaza.

*

Katika kijiji kimoja cha delta nilimkuta bibi anayechua. Kijana wa nazi aliingia akichechemea.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Lala kifudifudi, legeza mguu.”

Alipasha mafuta ya nazi, akayapima joto kwenye kiwiko chake. Akaanza kwenye unyayo, akapanda na kigimbi hadi paja, daima kuelekea moyoni, kama wanavyofanya wachuaji wa Ulaya. Alipokuta fundo hakulikandamiza. Aliweka kidole gumba, akangoja kijana ashushe pumzi, ndipo akasukuma.

Aliyefuata alikuwa na kigimbi kimoja kimevimba, cha moto. Bibi hakukigusa. “Huyu mpelekeni zahanati.” Yuko sahihi kabisa: huenda damu imeganda mshipani, na ukiuchua mguu huo bonge laweza kung’oka likaenda mapafuni.

*

Julai 1998 Willy Voet, mchua misuli wa timu ya baiskeli ya Festina, alikamatwa mpakani mwa Ubelgiji na Ufaransa, gari lake limesheheni dawa haramu za kuongeza nguvu. Inaniuma. Aliyechoka humwachia mchuaji mwili wake bila kuuliza kilichomo kwenye mkoba.

*

Chuo cha KCMC mjini Moshi kinafundisha fiziotherapia. Natamani halmashauri ya Kibiti isomeshe huko kijana mmoja, msichana au mvulana, ambaye kwanza amekaa na bibi huyu akajifunza kungoja pumzi. Timu za mbio zitamtaka. Lakini aanze na wabeba nazi, apewe chumba karibu na stendi ya Kibiti, na afungue jioni, mizigo ikishashushwa.