Gitaa Kavu la Isiolo na Fasihi Tunayoiacha Nje ya Lango

Mwanafunzi wa shule ya upili mjini Isiolo hufundishwa kwamba kimai ni wimbo wa wavuvi na mabaharia, na kwamba wawe huimbwa na wakulima. Huyakariri hayo kwa ajili ya mtihani, ilhali yuko mamia ya kilomita kutoka baharini na majirani zake wengi ni wafugaji. Sina ugomvi na kimai. Ni hazina yetu sote. Lakini jioni, mwanafunzi huyo akipita mitaa ya Bulla Pesa au Kambi Garba, huenda akawakuta vijana wanne au watano wameketi na gitaa moja, wakiimba kwa Kiswahili, na hana kitabu cha kiada kitakachompa jina la anachokisikia. Makala haya yanadai kwamba kasoro hiyo ni yetu sisi tunaojiita wanafunzi na walimu wa fasihi ya Kiswahili.

Yafaa kwanza kueleza chama cha gitaa ni kitu gani, maana neno "chama" huenda likamfanya msomaji afikirie katiba, muhuri na cheti cha usajili. Vikundi ninavyovizungumzia huanza na uhaba. Gitaa ni moja, nalo ni gitaa kavu, yaani lisilotumia umeme. Wanaotaka kulipiga ni wengi. Basi zamu huwa sheria ya kwanza. Uzi ukikatika, huchangwa pesa. Pesa zikikosekana, waya wa breki ya baiskeli hutiwa mahali pa uzi na wimbo huendelea, ingawa vidole hulipa. Mmoja hupiga, wa pili hugonga chupa, waliobaki huitikia. Baada ya miezi michache mchango wa uzi huwa pia mchango wa mgonjwa, kisha wa mazishi. Hapo ndipo kikundi huwa chama, hata kama hakuna aliyetamka neno hilo.

Jambo hili si geni katika historia ya Kiswahili. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma ya Beni, alionyesha jinsi vyama vya Beni vilivyozuka katika miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1890 vikaenea hadi bara, vikiwa na vyeo vyake na desturi ya wanachama kusaidiana na kuzikana. Unguja nako chama cha taarabu cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na kikawa mahali pa urafiki na heshima sawa na kilivyokuwa mahali pa muziki. Beni ilipovuka mipaka ya makabila ilivuka kwa Kiswahili, kwa kuwa askari, wapagazi na makarani waliokutana mijini hawakuwa na lugha nyingine ya kuambiana nani aanze na nani aitikie.

Gitaa lilifuata njia hiyo hiyo, na kwa sehemu kubwa lilifuatana na askari. Fundi Konde, mzaliwa wa pwani ya Kenya, alitumbuiza wanajeshi wa Afrika Mashariki katika kikosi cha burudani wakati wa Vita Vikuu vya Pili, akarudi na kuwa mmoja wa waasisi wa muziki wa gitaa nchini. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Katanga akiimba kwa Kiswahili cha Kongo. Mwishoni mwa muongo huo Mwenda alikuja Nairobi, na sauti yake ikatumiwa redioni kutangaza dawa ya Aspro. Magharibi mwa Kenya, George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, aliupa umaarufu mtindo wa omutibo, ambao gitaa lake halikamiliki bila mtu wa pili anayegonga au kukwaruza chupa ya soda. (Naona fahari ndogo kwamba ala ya pili ya utamaduni huu ni chupa ya Fanta. Wanaotafuta usafi wa asili watafute kwingine.)

Isiolo ulikuwa mji wa aina ile ile iliyolea Beni na gitaa. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza waliwapa makazi hapo askari wastaafu wa Kisomali. Wamekuwapo Waborana, Wasamburu, Waturkana na Wameru. Ipo Shule ya Askari wa Miguu ya jeshi letu. Na wapo watumishi wa serikali kutoka kila pembe ya nchi. Mji wa namna hii hauwezi kununua mbuzi wala kupanga arusi bila Kiswahili.

Hata hivyo, mwenzangu mmoja katika masomo ya uzamili, katika chuo nisichokitaja, alipopendekeza kuandika tasnifu juu ya nyimbo za gitaa za kaskazini mwa Kenya, alishauriwa atafute "mada ya Kiswahili". Alipewa sababu tatu, nami nimezisikia mara nyingi kiasi cha kuzijua kwa moyo. Kwanza, gitaa ni ala ya kigeni. Pili, Kiswahili cha nyimbo hizo ni kibovu. Tatu, hazina vina wala mizani.

Sababu ya kwanza haistahili muda mrefu. Udi na kanuni pia zilivuka bahari, wala hakuna anayeiondoa taarabu katika silabasi kwa sababu hiyo. Sababu ya tatu tumekwisha kuijibu sisi wenyewe: Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, mabishano yakawaka, na leo mashairi huru hutahiniwa shuleni. Isitoshe, anayedai kwamba wimbo wa gitaa hauna mizani hajausikiliza. Mizani yake imo katika kidole gumba kinachopiga besi. Mwimbaji hurefusha silabi au kuimeza ili alifikie pigo. Ukiyaandika maneno peke yake karatasini, umeukata wimbo mguu kisha unaulaumu kwa kuchechemea.

Sababu ya pili ndiyo nzito. Ni kweli kwamba upatanisho wa kisarufi katika nyimbo hizi haufuati Kiswahili sanifu. Lakini fasihi simulizi haikusanywi ili isahihishwe. Msemaji wa Kiborana anapoimba kwa Kiswahili, ngeli anazoziacha na misemo anayoihamisha kutoka lugha ya mama ni ushahidi wa jinsi Kiswahili kinavyokua mikononi mwa watu wapya. Tukisubiri mpaka aimbe sanifu, tutakuwa tumemsubiri aache kuwa yeye.

Sitaki nieleweke vibaya. Sisemi kwamba gitaa litamaliza mapigano ya malisho na maji, kama wapendavyo kudai waandaaji wa matamasha ya amani ambao huja na mahema Ijumaa na kuondoka nayo Jumapili. Wapo pia wazazi, hasa katika familia za Kiislamu, wasiopenda watoto wao washike gitaa, na hoja yao ya kidini haifai kudharauliwa na mtafiti mgeni. Ninachosema ni kidogo zaidi: wimbo wa Kiswahili mjini Isiolo huimbwa katika uwanja usio wa mtu mmoja, na kijana anayeitikia hajaulizwa kwanza yeye ni wa nani.

Wakati wa ukoloni kulikuwa na kizuizi cha barabara mjini humo, na aliyetaka kwenda au kutoka Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini alihitaji kibali. Hata baada ya uhuru, wenyeji wa kaskazini waliokuwa wakisafiri kwenda Nairobi walisema wanakwenda Kenya. Barabara ya lami sasa inafika Moyale. Ramani ya fasihi yetu bado imesimama kizuizini.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la shughuli za utamaduni na burudani ya umma, kwa hiyo mlango wa kubisha upo. Lakini chama chetu cha wanafunzi hakihitaji bajeti ya kaunti ili kuanza. Kinahitaji wanafunzi wawili, kinasa sauti, nauli ya basi na wiki mbili za likizo. Warekodi wimbo mzima pamoja na chupa na vicheko, waandike nani alitunga na nani huitikia, na wawaachie wapigaji nakala na haki ya kazi yao. Na wabebe seti mbili za nyuzi. Ule wa kwanza mwembamba ndio hukatika zaidi.