Nani aliyepanga menyu ya pesa kwenye simu yako?

Siku ya soko hapa Kasulu, simama dakika chache karibu na kibanda cha wakala wa pesa. Hutakosa kumwona mama aliyeuza maharage akimpa wakala kitochi chake na kumtajia namba ya siri kwa sauti, huku foleni nzima inasikia. Wengi husema mama huyo hajui teknolojia. Sisi tunadhani kosa ni la aliyepanga menyu. Inamtaka asome, achague namba, aandike, ahakikishe. Akichelewa kidogo inakatika, anaanza upya. Anayelipia usumbufu huo ni yeye, siku salio litakapopungua bila maelezo.

Kuna kazi ambayo vijana wetu wachache wameisikia: ubunifu wa huduma unaoanza na utafiti. Kabla programu au menyu haijakamilika, mbunifu huenda kwa watumiaji, huwaangalia wakifanya shughuli zao, huwapa mfano wa huduma waujaribu, na huandika pale wanapokwama. Kisha huwarudia mafundi na kuwaambia hatua gani haieleweki. Kuuliza tu hakutoshi. Mgeni akikuuliza kama huduma yake ni nzuri, kwa adabu zetu utamjibu kwamba ni nzuri sana.

Kisa kinachotufaa kilitokea kwa jirani zetu Kenya. Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom walianza kujaribu M-Pesa Nairobi na Thika, wakishirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya. Wateja hawakufika 500, na lengo lilikuwa warejeshe mikopo kwa simu. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, waliokuwa wakiongoza kazi hiyo, waliona wateja wakifanya mambo ambayo hayakupangwa. Huyu alimlipia mwenzake rejesho. Yule aliweka pesa kabla ya safari na kuzitoa alipofika, ili asitembee nazo mfukoni. Wenye biashara waliweka mauzo ya jioni, benki zikiwa zimefungwa. Wengine waliwatumia ndugu zao vijijini. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, habari ya mikopo iliwekwa kando, ikatangazwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Wateja ndio walioonyesha njia.

Vodacom ilileta M-Pesa Tanzania Aprili 2008, na mwanzoni mambo yalikwenda polepole. Nchi ni kubwa, mawakala walikuwa wachache na wako mbali, na wateja wamegawanyika katika mitandao mingi. Kilichofaa Thika hakikuwa lazima kifae hapa.

Mtafiti akifika Makere au Heru Juu leo, atakuta bibi anayeongea Kiha na kukisoma Kiswahili kwa taabu. Atakuta simu moja inayotumiwa na nyumba nzima, kiasi kwamba ujumbe wa pesa za mama unasomwa na yeyote aliyeishika. Mambo hayo hayaonekani ukiwa ofisini Dar es Salaam. Ndiyo maana tunaona kijana wa hapa anayejua Kiha, mvumilivu, asiyemkatiza mzee anapoongea, tayari ana nusu ya kazi hii mkononi. Kompyuta atajifunza.

Tahadhari moja, kwa sababu matapeli nao hujiita watafiti. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, anayechukua taarifa zako anapaswa kukueleza anazitakia nini. Muulize ametumwa na nani, na una haki ya kukataa. Akiomba namba ya siri, huyo si mtafiti, mfukuze. Asipoiomba, mkaribishe kwenye kigoda, shika simu yako mwenyewe, umwonyeshe pale menyu inapokukatikia.