Mtu Mzima na Mchezo wa Watoto

Katika mitaa ya Bujumbura, mtu mzima akionekana ameshika mchezo wa watoto huchekwa. Akiketi penye bao hachekwi, ingawa bao nalo ni mchezo. Tofauti iliyopo ni mazoea tu. Kwa hiyo mzee wa nyumba anayeanza leo kucheza Pokémon hana sababu ya kuona haya. Ila yampasa ajue anachokishika.

Mchezo huo ulitolewa Japani mwezi Februari 1996 kwa ajili ya mashine ya mkononi iitwayo Game Boy, iliyokuwa imetengenezwa na kampuni ya Nintendo tangu mwaka 1989. Aliyeubuni ni Satoshi Tajiri, ambaye utotoni alipenda kukamata wadudu. Yeyote aliyewahi kukimbilia kumbikumbi chini ya taa wakati wa mvua atalielewa wazo lake mara moja. Mchezaji hushika nafasi ya kijana anayeaga kwao, akazunguka nchi nzima akikamata viumbe wa ajabu, ambao jumla yao ni 151, na kuwafunza kupigana. Maneno yote husomwa kwenye kioo; na kwa kuwa toleo la Kifaransa lilitoka mwaka 1999, aliyesoma katika shule za Burundi hatapata taabu.

Mtihani huja mapema. Mchezaji huchagua kiumbe mmoja kati ya watatu: wa majani, wa moto au wa maji. Anayevutiwa na sura ya yule wa moto hujuta punde, kwani bingwa wa kwanza hutumia viumbe wa mawe, nao moto hauyadhuru sana mawe. Wa maji na wa majani humshinda kwa urahisi.

Mtoto akishindwa huanza tena bila kinyongo. Mtu mzima hukasirika, akaitia mashine kabatini na kusema kuwa mchezo haufai. Ukweli ni kwamba aliyezoea kuamuru na kufundisha amesahau namna ya kuwa mwanafunzi. Yafaa arudi vichakani, awafunze viumbe wake polepole, na kumwuliza anayejua, hata kama anayejua ni mwanawe wa miaka kumi.

Tena mchezo wenyewe unamlazimisha kuuliza. Ulitolewa kwa nakala mbili, Nyekundu na Buluu, na kila moja inakosa viumbe 11 waliomo katika nyingine. Wako pia wanne wasiofikia umbo lao la mwisho mpaka wabadilishwe na mchezaji wa pili, kwa waya unaounganisha mashine mbili. Hakuna awezaye kuwakamilisha akiwa peke yake. Basi baba na mtoto huketi pamoja, naye mtoto akawa mwalimu. Nyumba ambayo mtoto husikilizwa katika jambo dogo, haitakuwa vigumu kwake kusema jambo kubwa likimfika.

Kwa upande wa matumizi, anayenunua kaseti iliyokwisha kutumika awe mwangalifu. Ndani yake mna betri bapa, mfano wa sarafu, inayotunza kumbukumbu ya safari. Ikiisha, mchezo utawaka kama kawaida, lakini kazi ya siku nzima itapotea mara mashine inapozimwa. Kabla ya kulipa, anza mchezo, hifadhi, zima, ngoja kidogo, kisha uwashe tena. Betri hiyo imechomelewa kwa risasi. Kuibadilisha ni kazi ya fundi wa redio.

Mashine ya kwanza hutumia betri nne ndogo. Zisipotumika zitolewe, maana huvuja na kuharibu vyuma. Zilizokwisha zisitupwe motoni wala shambani, na zisiachwe mahali watoto wadogo wanapozifikia.

Mwisho, uwekwe muda maalumu, kwa mfano baada ya chakula cha jioni na kazi za shule, na muda huo umfunge baba kama unavyomfunga mtoto.