Mwachieni Kazi Nyumbani

Wiki iliyopita jirani yangu wa hapa Ngamiani, Tanga, alinibishia hodi akiwa na karatasi tatu zilizobanwa kwa pini. Binti yake amepata nafasi, kwa ufadhili, katika shule ya kimataifa ya bweni nje ya nchi, naye ataondoka Januari. Alikuja kwangu kwa kuwa mtaani najulikana kama yule mwalimu aliyempeleka mtoto shule ya namna hiyo, kusini mwa Afrika.

Tukaisoma orodha pamoja. Blanketi zito, koti la mvua, kompyuta mpakato, adapta ya umeme, dawa anazotumia zikiwa na maandishi ya daktari. Tulipofika mstari uliosema "vazi la taifa" akaniinulia macho: "Mwalimu, vazi letu la taifa ni lipi?" Nilicheka hadi nikatoa machozi, maana swali hilo lilinihangaisha mimi mwenyewe mwishoni mwa 2015. Mwanangu aliishia kufunga kanzu na kofia iliyodariziwa kwa mkono. Alipofika, wenzake wakataka kujua mbona Mtanzania hakuja na shuka la Kimasai.

Vitu vya kwenye orodha hununuliwa, na kikisahaulika kimoja hakiui mtu. Kilichonisumbua mimi kilikuwa kingine, na nilikigundua kwa bahati, mtoto akiwa ameshakaa kule wiki sita.

Nianze na sisi wazazi. Wengi wa rika langu tulisoma bweni. Mwaka 1983 nilitoka Tanga kwenda Tabora na waranti ya serikali, tranka, ndoo, kwanja na shuka mbili. Mama akaniambia, "Haya, kasome," na hadi likizo ya Juni nilipata barua yake moja. Hakuna aliyeona kasoro. Mtoto akishachaguliwa alikuwa wa serikali, na shule ndiyo iliyokuwa mama na baba. Tukala ugali wa yanga, tukalima, tukalia usiku chini ya shuka, tukazoea. Kwa hiyo leo tukimpeleka mwana bweni, mkono unafanya kile ulichofundishwa: unakabidhi, unarudi nyumbani.

Lakini Tabora sikuwa mgeni. Bweni zima tulijua wimbo mmoja, matroni alinikemea kwa sauti ya shangazi yangu, na shikamoo ilitosha kufungua mlango wowote. Mwanangu alilazwa chumba kimoja na kijana wa Norway na mwingine wa Lesotho, na walimu wakataka awaite kwa majina yao ya kwanza. Mtoto wa miaka kumi na sita aliyelelewa Ngamiani amwite mtu mzima kwa jina tupu! Aliniambia baadaye kwamba mwezi mzima hakumwita mwalimu yeyote. Akitaka kuuliza kitu, alisogea karibu na kukohoa.

Hayo hatukuyajua kwa sababu simu zetu za mwanzo zilikuwa hivi. Shikamoo mama. Marahaba, hujambo? Sijambo. Umekula? Nimekula. Masomo? Yanaendelea. Baridi? Kidogo. Haya baba, Mungu akulinde. Dakika mbili na nusu, kila Jumapili. Nilikuwa nafunga simu nimeridhika kabisa, kama mtu aliyelipa bili.

Wiki ya tatu ukaja ujumbe saa nane usiku: "Mama nataka kurudi." Nilikaa kitandani nikihesabu nauli. Asubuhi nikampigia mlezi wa bweni, mama mmoja mpole sana, akaniambia wiki ya tatu ndiyo huwavunja wengi: ugeni umeisha na urafiki haujaanza. Akaniomba nisubiri siku kumi. Nikasubiri, na kijana hakurudia ombi lile. Nami nikafanya kosa la kudhani kimya kile ni afya.

Hapo ndipo linapoingia daftari.

Nyumba yetu ina vyumba vinne vya uani tunavyopangisha. Tangu baba yake alipofariki, mwanangu ndiye aliyeandika kodi: nani kalipa, nani kaomba hadi tarehe tano, LUKU imenunuliwa lini na kila chumba kimechangia shilingi ngapi. Alipoondoka nililichukua daftari mimi, na kwa kweli nililivuruga. Jumapili moja, badala ya kumuuliza kama amekula, nikamlalamikia. Uniti zilizokuwa zikitutosha wiki mbili sasa zinakwisha siku tano, wapangaji wananuniana, na kila mmoja anaitazama pasi ya mwenzake.

Kukawa kimya. Kisha akauliza, "Mama, zinaisha haraka siku zipi?" Sikujua. Akaniagiza nisome mita asubuhi na jioni, nimpigie picha ukurasa wa daftari na kumtumia WhatsApp. Tulizungumza dakika ishirini na tano. Baada ya wiki moja akaja na jibu: umeme unapanda Jumanne na Ijumaa mchana, saa ambazo wapangaji wote wako kazini isipokuwa mmoja. Nenda mlangoni ukanuse, akasema. Nikaenda. Maharage! Mpangaji wa chumba cha tatu alikuwa na jiko la umeme, lile la koili, analificha chini ya kitanda.

Tangu Jumapili ile daftari likarudi kwa mwenyewe, kilomita maelfu kutoka Tanga. Mimi nilipokea hela na kupiga picha. Yeye alihesabu na kuamua. Katikati ya habari za kodi na koili yakaanza kudondoka mengine, bila kuulizwa. Kwamba yule wa Lesotho ni fundi wa kunyoa na sasa anawanyoa wote. Kwamba kuna watoto ambao wakifunga shule katikati ya muhula hupanda ndege kwenda kutembea, na yeye hubaki bwenini na wapishi. Kwamba pesa yake ya mwezi, randi chache nilizokuwa natuma kwa kujibana, ni bei ya kahawa na keki za mwenzake kwa wiki mbili. Hilo la mwisho aliliweka mezani kama hesabu ya chumba cha tano, na kwa kuwa tulikuwa tayari kwenye hesabu, tulilijadili bila yeye kuona haya wala mimi kulia.

Ndiyo maana nilimwambia jirani yangu: usimwondolee binti yako kazi zote za nyumbani ati anakwenda kusoma. Mwachie moja. Iwe ndogo, iwe ya kweli, na asipoifanya pengo lionekane. Shule ile itampa midahalo, milima ya kupanda na marafiki wa nchi kumi. Haiwezi kumpa mahali ambapo mambo yanakwama asipokuwapo.

Najua ubishi utakaoletwa, kwa sababu shemeji yangu aliuleta. Unamtwisha mtoto mzigo, alisema, kijana amekwenda kusoma nawe unamfanya karani wako. Ana haki kidogo. Mwaka wa pili nilimsimulia mwanangu ugomvi wa kumtoa mpangaji mmoja, polisi jamii wakaitwa, naye alikuwa kwenye wiki ya mitihani ya majaribio. Hakulala siku mbili. Kosa lilikuwa langu, na tangu hapo nikajua mpaka: kazi yake ni robo saa kwa wiki, na matatizo ya watu wazima yabaki kwa watu wazima. Simwambii mzazi yeyote amgeuze mtoto kuwa baba wa nyumba, wala aanze kumdai hela. Namwambia asimfute.

Lipo na zito zaidi, nalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Jina kubwa la shule si kinga. Mwaka 2014 dunia ilimjua William Vahey, mwalimu wa Kimarekani aliyefundisha shule za kimataifa katika nchi mbalimbali kwa takriban miaka arobaini. Alikuwa akiwapa wavulana dawa za usingizi katika safari za shule na kuwanajisi. Wachunguzi walikuta picha za watoto wasiopungua 90. Alikuwa ameshapatikana na hatia ya kosa la namna hiyo huko California mwaka 1969, na bado shule baada ya shule zikamwajiri. Shule nyingi za kimataifa zimekaza uchunguzi wa waajiriwa tangu wakati huo. Hata hivyo muulize mkuu wa shule, kwa adabu na bila haya: nani analala bwenini, nani ana funguo, mwanangu akidhurika anamwambia nani asiyekuwa mwalimu wake? Anayekereka kwa maswali hayo amekujibu.

Na mtoto mwenyewe atakwambia lini? Hawezi kuanza tu, baada ya "umekula" na kabla ya "Mungu akulinde". Simu ya dakika mbili haina upenyo wa neno zito. Simu ya dakika ishirini na tano juu ya maharage ina upenyo mwingi, na mtoto anajua kuuona.

Mengine nitayapitia haraka. Karatasi kwanza. Kuanzia Juni 2015 Afrika Kusini ilidai kila mtoto wa chini ya miaka kumi na minane anayevuka mipaka yake awe na cheti kamili cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili na ridhaa ya maandishi ya mzazi asiyesafiri naye. Mzazi akiwa amefariki, cheti cha kifo. Mwanangu alisafiri Januari 2016 akiwa na cheti cha kifo cha baba yake ndani ya bahasha ya kaki. Masharti hayo yalilegezwa baadaye, lakini kila nchi ina yake, na ya leo siyo ya mwakani. Uliza ubalozini, uliza shirika la ndege, kisha toa nakala tatu za kila kitu.

La pili ni masomo, na hapa wazazi wa Tanzania huumia bila kujua. Shule nyingi za aina hii hufundisha diploma ya IB (International Baccalaureate): masomo sita, kila moja alama saba, na nyongeza ya alama tatu kwa kazi nyingine, jumla 45. Mpangilio wake wa kawaida unamruhusu mwanafunzi kuchukua sayansi mbili. Sasa, anayetaka kusomea udaktari katika vyuo vyetu hutakiwa kuwa na Fizikia, Kemia na Biolojia, zote tatu. Umeliona shimo? Kama binti yako anaota Muhimbili, zungumzeni na shule kabla hajachagua, siyo siku ya kurudi na cheti kwenda Baraza la Mitihani kuomba ulinganifu.

La tatu ni Kiswahili, na hapa mniwie radhi, nilikifundisha miaka thelathini na moja. IB inamruhusu mtoto kusoma fasihi ya lugha yake ya kwanza hata kama shule haina mwalimu wa lugha hiyo; hujisomea kwa usimamizi. Mwanangu hakutaka. Aliona Kiingereza ndicho chenye heshima. Tulibishana wiki mbili na nikashinda, kwa kutumia cheo changu cha mama, sijivunii. Nikamtumia riwaya za *Rosa Mistika* na *Vuta N'kuvute* kwa mkono wa msafiri. Mwezi wa pili akanipigia usiku kuniuliza kama Yasmin wa *Vuta N'kuvute* alikosea kuondoka kwa mumewe, na tukabishana tena, safari hii kwa raha.

Juzi jioni nilivuka barabara kumrudishia jirani karatasi zake. Binti alikuwa uani anawamwagia kuku maji. Ana kuku wa mayai hamsini na wawili. Aliwaanza mwenyewe na vifaranga kumi akiwa kidato cha pili, na duka la pembeni huchukua trei mbili kila siku ya pili. Mama yake alikuwa ameshanunua blanketi, ameshanunua koti, na sasa alikuwa anahangaikia adapta.

"Na kuku?" nikauliza.

"Ah, hao atawaangalia dada wa kazi," mama akasema. "Huyu asisumbuliwe tena na mambo ya kuku."

Binti akaweka ndoo chini. "Kuwalisha atawalisha dada, mama," akasema, "lakini bei ya trei naipanga mimi."