KAZI ZA MIKONO NYUMBANI: Masikio ya sungura kwa watoto wa maigizo

Mtoto wa Matongo akipangiwa kuigiza Fisi au Sungura shuleni, jambo la kwanza analoliomba nyumbani ni kofia yenye masikio. Wapo wanaodhani kipande cha ngozi halisi kitafaa. Wakumbuke kwamba Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwa na nyara za Serikali bila kibali. Hifadhi ya Serengeti i jirani, na kipande kidogo cha ngozi ya fisi chaweza kumfikisha mzazi mahakamani. Afadhali masikio ya kutengeneza.

Rezini ni utomvu wa kiwandani utumiwao na mafundi wa bodi za magari na mashua za faiba. Huuzwa pamoja na dawa ya kuigandisha.

Kwanza finyanga sikio la udongo, urefu sentimita 10 hivi, kitako kikifuata mviringo wa kichwa. Pasiwe na mahali palipojikunja kwa ndani, ama sikio litanasa. Lilaze, lizungushie ukingo, kisha mimina plasta. Ikishika, ondoa udongo na uiache kalibu ikauke kabisa kwa siku kadhaa, maana unyevu huiharibu rezini. Ipake nta ya sakafu mara tatu, ukiing'arisha kila mara.

Kwa rezini ya poliesta, gramu 100 kwa kawaida huhitaji gramu 1 hadi 2 za dawa; maelezo ya kopo ndiyo yafuatwe. Dawa ikizidi, mchanganyiko hupata moto mkali na kupasuka. Paka kwa brashi utando mwembamba. Ukishaganda, paka wa pili pamoja na vipande vya kitambaa cha faiba. Unene wa milimita 3 watosha. Sikio la kumiminwa zima humlemea mtoto shingo.

Kesho yake litoe. Kata kingo kwa tupa, kisha sugua kwa msasa namba 120, halafu 240, na mwisho 400. Tumia msasa wa maji, ili vumbi lisiruke. Osha kwa sabuni, kausha, paka rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe. Toboa matundu mawili kitakoni, shona sikio kwenye utepe wa kichwa, na uweke kitambaa laini panapogusa ngozi.

Sasa jambo kubwa zaidi. Familia zilizo karibu na machimbo ya Nyamongo zinajua kwamba zebaki ikichomwa pamoja na dhahabu hutoa mvuke usioonekana, unaodhuru ubongo na figo. Mvuke wa rezini si wa namna ile, lakini nao huumiza kichwa na mapafu, na hushika moto upesi. Kazi ifanyike uani, mbali na jiko na watoto. Vaa glavu na miwani, kwani dawa ile hupofusha macho. Kitambaa cha kufunika pua hakizuii mvuke. Chombo kilichotumika kisirudi jikoni kamwe.

Ikiwa huna uwanja wala glavu, iache rezini. Loweka vipande vya gazeti hili, ukishalisoma, katika uji wa ngano. Yabandike juu ya udongo ule ule tabaka kwa tabaka, yakauke juani, kisha yapake rangi. Watazamaji wataliona sikio la sungura, na mtoto atakuwa salama.