BREKI ZA NDEGE NA SAINI YA FUNDI



Katika mkutano wa tawi mwezi uliopita mwanachama mmoja, fundi wa magurudumu, alisimama akauliza swali ambalo halikujibiwa, kwa sababu saa zilikuwa zimekwisha na watu walitaka kuwahi mabasi. Aliuliza hivi: "Amri ikitoka ya kuwa breki za ndege lazima zibadilishwe, na msimamizi akaniambia muda wa amri haujaisha, tungoje, mimi nifanye nini?" Wengine walicheka. Mmoja alisema afadhali tuzungumze habari za mishahara. Sisi twaona kwamba swali lile ni la mishahara na la zaidi ya mishahara, na leo twataka kulijibu.

Wale ambao kazi yao si ya ndege wasiitupe karatasi hii. Dereva wa lori anayeteremka njia ya Mai Mahiu na mzigo mgongoni ajua breki ni nini kuliko wenye ofisi. Ndege ni hivyo hivyo, ila uzito wake ni mwingi na mwendo wake ni mkali. Na mwendo una hesabu yake: ukizidishwa mara mbili, kazi ya breki haizidi mara mbili tu, yazidi mara nne. Sehemu kubwa ya nguvu ile hugeuka kuwa moto ndani ya sahani za breki, ambazo zimepangwa kama sahani za chakula, moja yazunguka pamoja na gurudumu, ya pili imesimama, tena moja yazunguka, na zote hubanwa pamoja na pistoni zinazosukumwa na mafuta.

Siku za kawaida rubani huzitumia breki kwa upole, na injini humsaidia. Siku ya hatari ni ile ambayo ndege imejaa abiria na mafuta, imekwisha kushika mwendo wa kuruka, kisha rubani aona taa ya hatari akaamua asiruke. Hapo breki zatakiwa zifanye kwa nusu dakika kazi ambayo hazijapata kuifanya tangu zilipofungwa.

Siku kama hiyo iliifikia ndege ya aina ya DC-10 tarehe 21 Mei 1988, katika kiwanja cha Dallas/Fort Worth huko Marekani. Ndani yake walikuwamo watu 254. Rubani alikanyaga breki, na katika breki 10 za miguu mikubwa, 8 zilishindwa. Ndege ilipita mwisho wa njia ya kurukia, mguu wa mbele ukavunjika. Kwa bahati hakufa mtu. Wachunguzi walipozifungua breki zile walikuta zimechakaa, lakini, ndugu zetu, sikilizeni hapa: hazikuwa zimepita kipimo cha uchakavu kilichoruhusiwa. Kitabu cha kazi kilisema zafaa, na mafundi walikifuata kitabu. Kosa lilikuwa ndani ya kitabu chenyewe.

Kwa nini? Kwa sababu breki zile zilipopimwa ili ndege ipate kibali, zilipimwa zikiwa mpya. Hakuna aliyetakiwa athibitishe kwamba breki iliyobaki nyembamba yaweza kuisimamisha ndege nzito iliyoacha kuruka. Ni kama kumpima nguvu hamali asubuhi ya siku yake ya kwanza bandarini, halafu kumpangia mzigo ule ule saa kumi na moja jioni, baada ya miaka ishirini ya kazi. Wenye kupanga mizigo namna hiyo twawajua, wala hawako katika viwanja vya ndege peke yake.

Baada ya jambo lile, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia ndege, FAA, ilitoa amri za lazima kwa aina mbalimbali za ndege kubwa, kwamba kipimo cha uchakavu kipunguzwe. Maana yake breki itolewe mapema, ingali na unene wa kutosha kuisimamisha ndege siku ile mbaya. Mwaka 1998 ikaandikwa katika sheria kwamba aina mpya ya ndege inayotaka kibali ijaribiwe kusimama kwa breki ambazo hazikubakiwa na zaidi ya asilimia 10 ya uchakavu unaoruhusiwa. Na mwaka 2002 ikaongezwa kwamba kila breki lazima iwe na alama ya kuonyesha kwamba imefika kikomo, alama inayoaminika na inayoonekana kwa urahisi. Katika ndege nyingi alama hiyo ni pini ndogo inayochomoza. Breki zikiwa zimebanwa, fundi huinama akaitazama. Pini ikilingana na chuma, breki imekwisha. Mambo ya watu mia mbili na zaidi yategemea kijipini ambacho mtoto aweza kukificha kwa kidole, na mtu aliyeinama kukitazama usiku kwa tochi ni mwanachama wetu.

Sasa twafika kwenye neno lenyewe, "lazima". Wenye kampuni hawalipendi. Mara nyingi, kabla ya amri kutoka, kiwanda kilichounda ndege huwa kimekwisha kuandika barua ya mashauri: badilisheni kipande fulani, pimeni namna fulani. Lakini shauri ni shauri. Mwenye kampuni aliye mwema hulifuata, na mwenye haraka huliweka chini ya makaratasi mengine. Amri ya lazima ni kitu kingine. Siku iliyoandikwa ikipita na kazi haijafanywa, ndege haina ruhusa ya kuruka. Nchi iliyounda ndege ikitoa amri, habari hupelekwa kwa nchi nyingine zilizoandikisha ndege ya aina hiyo, kwa utaratibu uliotokana na Mkataba wa Chicago wa 1944, na hapa kwetu msimamizi wa mambo hayo ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Basi amri iliyoandikwa Washington yafika mpaka kwenye spana ya fundi wa Embakasi.

Ndani ya amri za Wamarekani kuna hesabu ya gharama. Huandikwa kazi ile itachukua saa ngapi, na saa moja ya fundi yahesabiwa kwa bei gani. Katika amri nyingi za miaka ya karibuni bei hiyo imekuwa dola 85 kwa saa. Hatusemi kwamba fundi wa kule huipeleka yote nyumbani. Lakini kila fundi wetu achukue karatasi yake ya mshahara, agawanye kwa saa za mwezi, kisha atuambie kama alichokipata chafanana na bei hiyo. Mwajiri anayetuambia kwamba usalama ni ghali, atuonyeshe kwanza ni fungu gani la ughali huo linalofika mfukoni mwa mtu anayeinama chini ya ndege.

Amri huwa na muda. Yaweza kuwa miezi, au saa za kuruka, au hesabu ya kutua. Muda huo umewekwa kwa sababu vipande vya kubadilisha havipatikani vyote kwa siku moja, na ndege zote za dunia haziwezi kuingia karakana pamoja. Haukuwekwa ili siku ya mwisho igeuzwe kuwa siku ya kuanza. Msimamizi anayemwambia fundi "tungoje" huenda ana haki kwa sheria. Lakini ikiwa vipande vimo ghalani, na ndege imelala karakana usiku mzima, na fundi yupo, kungoja huko si muda wa amri tena, ni uvivu wa mtu. Fundi na aandike katika kitabu cha kazi kwamba alikuwa tayari siku fulani, saa fulani. Jibu letu la kwanza kwa yule mwenzetu ni hilo: andika. Neno la mdomo hupotea, na siku ya taabu hukumbukwa vingine.

Lakini jambo hili lina upande wa pili, na chama kisichosema makosa ya watu wake hakitasadikiwa kikisema makosa ya mabwana. Tarehe 18 Aprili 1972 ndege ya East African Airways ya aina ya Super VC10, iliyokuwa safarini kutoka Nairobi kwenda London, ilikuwa ikiruka kutoka Addis Ababa. Njiani ilikanyaga kipande cha chuma kilichoanguka kutoka ndege ndogo, tairi la mbele likapasuka. Rubani akaamua kusimama. Ndege haikusimama. Ilipita mwisho wa njia, ikaanguka bondeni, ikashika moto. Kati ya watu 107 walikufa 43. Shirika lile lilikuwa letu, la Kenya, Uganda na Tanzania pamoja, na wazee wengine waliolitumikia hadi lilipovunjika mwaka 1977 wangali wakiikumbuka asubuhi ile. Wachunguzi walisema breki zilipungukiwa na nguvu kwa sababu sehemu moja ya mitambo yake ilikuwa imefungwa vibaya ilipofunguliwa na kurudishwa.

Imefungwa na nani? Na mtu wa kazi kama sisi. Hatulifichi hilo. Lakini twauliza swali ambalo mwajiri hulisahau mara apatapo jina la fundi wa kulaumu: ikiwa kipande chaweza kufungwa vibaya na bado kikakaa, kwa nini kiliundwa hivyo? Chuma kikiwa na mlango mmoja tu wa kuingilia, hata mtu aliyechoka saa tisa usiku hawezi kukikosea. Badiliko la lazima lililo bora ni lile linalolifanya kosa lisiwezekane. Kumfukuza fundi hakubadilishi umbo la chuma, na anayekuja baada yake atafungua kipande kile kile kwa taa ile ile hafifu. Kwa hivyo twasema, kila uchunguzi ukimtaja mtu, utaje pia saa za zamu yake, taa aliyopewa, kitabu alichopewa, na kama alikuwapo mwenzake wa kukagua kazi kabla ya kutia saini.

Na kuna jambo la tatu, ambalo kwetu ni zito kuliko yote. Tarehe 11 Julai 1991 ndege ya aina ya DC-8, mali ya kampuni ya Canada iliyokodiwa, iliruka kutoka Jeddah ikiwa na mahujaji wa Nigeria waliokuwa wakirudi kwao Sokoto. Siku chache kabla yake fundi mkuu alikuwa amejua kwamba matairi mawili yana upungufu wa gesi. Gesi ya naitrojeni ya kuyajaza haikupatikana upesi. (Matairi ya magurudumu yenye breki katika ndege kubwa hayajazwi hewa ya kawaida. Mwaka 1986 ndege ya Boeing 727 ilianguka Mexico na watu 167, baada ya tairi lililojazwa hewa kupasuka kwa joto la breki, na Wamarekani wakaamuru kwamba oksijeni ndani ya matairi hayo isizidi asilimia 5.) Huko Jeddah msimamizi wa safari zile, ambaye hakuwa mtu wa ufundi, aliona ndege itachelewa, ikaenda vivyo hivyo. Matairi yalishindwa njiani, moto ukawaka kwenye magurudumu, na miguu ilipokunjwa moto uliingizwa ndani ya tumbo la ndege. Walikufa watu wote 261.

Sheria ilikuwapo. Kipimo cha tairi kilikuwapo. Fundi aliyejua alikuwapo. Kilichokosekana ni uwezo wa fundi kusema ndege haiendi, na neno lake likashika.

Kwa hiyo jibu letu la pili kwa mwenzetu haliko mikononi mwake peke yake, liko mikononi mwa chama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanyakazi wa Kenya atoe habari ya hatari anayoiona, na mahali penye watu 20 au zaidi yataka pawe na kamati ya usalama ambamo wafanyakazi wana wajumbe wao. Ni vizuri, lakini katika kazi nyingi kamati hiyo hukutana siku mkaguzi anapotarajiwa. Katika mapatano yanayokuja twataka iandikwe wazi kwamba fundi atakayekataa kutia saini kwa sababu ya kasoro aliyoiandika, hatakatwa mshahara, hatahamishwa zamu, wala hatafukuzwa, na kwamba asiye fundi hana ruhusa ya kuibatilisha saini yake. Twataka kila amri ya lazima ibandikwe ubaoni siku inapofika, pamoja na tarehe yake ya mwisho, isikae katika kabati la injinia mkuu. Na twataka mtu aliyekwisha maliza zamu asiitwe tena kufungua breki usiku huo huo kwa ahadi ya ovataimu.

Wakubwa watasema hayo ni mambo ya ufundi, si ya chama. Twawakumbusha kwamba Wamarekani wanapotaka kutoa amri ya namna hii, kwa kawaida huitangaza kwanza, na mtu yeyote aweza kuandika maoni yake kabla haijapitishwa. Kampuni huandika, na marubani huandika kwa chama chao. Hakuna kinachowazuia mafundi wa Nairobi nao kuandika, nasi tutawasaidia kuiandika barua hiyo wakituletea habari.

Wanachama wenye jambo la breki, liwe la ndege, la lori, la basi au la gari moshi, wapeleke barua kwa katibu wa tawi kabla ya mkutano wa mapatano. Waandike tarehe, namba ya chombo, kasoro waliyoiona, na maneno waliyoambiwa na msimamizi, kama yalivyosemwa. Majina yao hayatatolewa kwa mwajiri.